Hesabu ya Debe Moja

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mitungi miwili katika nyumba yake ya Pangani. Mmoja ulikuwa wa maji ya matumizi, na mwingine wa maji ya kunywa. Huu wa pili ulisimama pembeni mwa ukumbi juu ya mchanga mbichi, umefunikwa kwa kibao, na juu ya kibao ililazwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu. Kila baada ya siku chache mtungi ulimwagwa, ukasuguliwa, kisha ukapinduliwa juu ya chetezo cha ubani mpaka ukajaa moshi. Wakati wa masika, maji ya kisima yakija na tope, Bibi alichukua kipande cha shabu akakizungusha ndani ya debe mara chache, na baada ya muda tope lote lilikuwa limetuama chini. Mtoto aliyetia mkono mtungini badala ya kutumia kata alichapwa, wala hakuwa na mahali pa kukata rufani.

Nimeanza na mtungi wa Bibi kwa sababu mara nyingi nimesikia wataalamu wakizungumza juu ya kutibu maji nyumbani kana kwamba ni jambo lililoshuka jana kutoka katika ndege. Watu wa pwani hii walijishughulisha na maji yao ya kunywa tangu zamani. Kifuniko, kata na usafi wa chombo ni mambo ambayo hata leo mtaalamu wa afya angeyapongeza. Lakini Bibi alipambana na adui aliyeweza kumwona, kumwonja au kumnusa: tope, chumvi, uvundo. Yule aliyekuwa akiua watu haonekani, hana ladha wala harufu. Maji meupe yenye harufu ya ubani yangeweza kubeba mauti, na Bibi asingejua.

Na mauti hayo yalikwisha kupita Pangani. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja, alichapisha kitabu mwaka 1876 juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki. Humo alifuatilia njia ya ugonjwa kama mtu anayefuata nyayo. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara kupitia njia za misafara ya Umasaini, kikafika pwani kwetu Pangani, na kabla ya mwaka kwisha kilikuwa kimevuka bahari hadi Unguja. Wakati huo John Snow alikwisha kuonyesha London, mwaka 1854, kwamba pampu moja ya maji inaweza kuua mtaa mzima. Na mwaka 1884 Robert Koch akamtambulisha kijidudu chenyewe. Elimu ilikuwepo duniani. Ila kati ya elimu kuwepo duniani na elimu hiyo kufika kwenye mtungi wa bibi wa Pangani kuna safari ndefu, na sehemu ya safari hiyo nimeitembea mimi mwenyewe.

Mwaka 1971 Serikali yetu ilitangaza lengo kubwa: kwamba katika miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wenzangu wa rika langu wataikumbuka. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu kwa pamoja, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya. Tulizungumzia malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 23, mwalimu mgeni katika kazi, nikapewa kikundi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Pangani.

Vyoo vilichimbwa, na vingi. Hilo lilikuwa fanikio la kweli. Lakini tulipofika kwenye kuchemsha maji ya kunywa, mama mmoja mtu mzima aliinua mkono, akaniamkua kwa heshima ingawa umri wake ulikuwa wa mama yangu, akasema: "Mwalimu, tumekuelewa. Sasa kuni utatuletea wewe?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikajibu kwa methali kwamba kinga ni bora kuliko tiba, tukaendelea na kipindi.

Naam, ilinichukua karibu miaka 20 kutambua kwamba yule mama hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa akifanya hesabu, na mimi mwalimu wa hesabu sikuifuata. Baadaye, nilipokuwa mkufunzi, niliwapa wanachuo wangu kazi ya kupima. Tulichemsha debe moja la maji juu ya mafiga matatu, tukapima kuni kavu zilizoteketea: kilo 4 hivi. Chukua basi familia ya watu sita, kila mmoja akinywa lita 2 kwa siku. Hizo ni lita 12, yaani theluthi mbili za debe, na kuni zake zinakaribia kilo 3. Kwa mwaka inafika karibu tani moja. Mwanamke akibeba kichwani mzigo wa kilo 20, hiyo ni mizigo karibu 50: safari moja ya ziada kwenda porini kila wiki ya Mungu, mwaka hadi mwaka, kwa ajili ya maji ya kunywa tu. Bado hujahesabu saa za kungoja yachemke na yapoe, wala malalamiko ya mume kwamba maji yana ladha ya moshi.

Sisi tulikuwa tukisema kuchemsha maji hakugharimu kitu. Tulimaanisha kwamba hakuigharimu Serikali.

Wakati huohuo kipindupindu kilikuwa njiani kurudi. Mlipuko wa saba wa dunia ulioanzia Indonesia mwaka 1961 uliingia Tanzania mwaka 1974, na kuanzia mwaka 1977 nchi yetu ikawa inaripoti wagonjwa kila mwaka. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vikubwa, wengi wakichota kisima kimoja, na uchafu wa nyumba moja uliweza kuwafikia wote. Kati ya mwaka 1977 na 1992, katika kila wagonjwa kumi walioripotiwa, alikufa kwa wastani mmoja au zaidi kidogo. Ule mwaka 1991, ambao maji yangekuwa yamefika kwa wote, ulikuja ukapita, na vijiji vingi vilikuwa bado vinachota mitoni. Mwaka uliofuata, 1992, waliripotiwa wagonjwa 18,526 wa kipindupindu nchini, na 2,173 kati yao walifariki.

Mwaka huo wa 1992 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na sasa lazima nieleze jambo ambalo sijapata kuliandika.

Chuo chetu kilikuwa chini ya milima, na maji yake yalikuja kwa mserereko kutoka kijito cha juu hadi katika tangi letu. Yalikuwa maji maangavu kama kioo. Hata hivyo, tangu kabla yangu ilikuwa desturi kwamba jiko linachemsha maji ya kunywa ya wanachuo wote, wapatao 300, na kazi hiyo ilikula malori mawili ya kuni kila muhula. Hali ya fedha miaka ile kila mkuu wa chuo anaikumbuka: fungu lilikuja pungufu na lilikuja limechelewa, na wazabuni walikuwa wakikaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu tangu asubuhi. Nilipokuwa nikipitia makisio, nilifika kwenye mstari uliosomeka "kuni za maji ya kunywa". Nikaufuta kwa kalamu nyekundu. Nilijiambia kwamba maji ya mlimani ni safi, na kwamba vijana hawa makwao hunywa mabaya zaidi. Sikumwuliza mtu. Mpishi mkuu, mzee wa makamo, alikuja kuniuliza kama nimekosea. Nikamwambia sikukosea.

Mgonjwa wa kwanza aliugua usiku wa Jumapili, katika wiki ya saba ya muhula. Hadi Jumatano walikuwa zaidi ya 40, wakihara na kutapika. Tulikodi magari kuwapeleka hospitali. Mwanachuo mmoja, msichana wa mwaka wa pili aliyetoka bonde la Umba, hakufika. Alifia njiani, ndani ya gari la kukodi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mwenzake.

Bwana Afya wa wilaya alikuja na kopo la unga wa klorini. Akapanda juu ya tangi, akapima ujazo wake kwa utepe, akafanya hesabu kwenye kipande cha karatasi alichokiweka juu ya goti, akakoroga unga katika ndoo, akamimina. Kazi nzima haikumaliza saa moja. Katika siku chache wagonjwa wapya wakakoma. Nilimwuliza bei ya unga ule. Kiasi cha kutosha mwezi mzima hakikuzidi bei ya kuni nilizokuwa nikichoma kwa wiki moja.

Nilipopata nafasi nilikaa na mhasibu tukajumlisha. Kukodi magari, dripu na dawa, nauli za kuwarudisha wanachuo makwao na kuwarejesha, na wiki tatu za masomo zilizopotea. Zile fedha peke yake zilizidi bei ya kuni za mwaka mzima. Baba wa yule binti alipokuja, nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno, ila si hili alilolisema: "Ni mapenzi ya Mungu, Mwalimu." Nikamshukuru kwa uvumilivu wake. Sikumwambia habari ya kalamu nyekundu, na mpaka alipofariki hakuijua. Jambo hilo silioni kama la kujivunia.

Ndugu msomaji, tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari hii ya gharama za maji kama wengine wanavyofuatilia mpira. Wajukuu wananisaidia kupata maandiko. Na nimeona kwamba hesabu ya yule mama wa Pangani na hesabu ya Bwana Afya hatimaye zimefanywa na wataalamu wa dunia.

Mwaka 2007 Thomas Clasen na wenzake wa London walilinganisha njia za kutibu maji nyumbani kwa kuangalia fedha inayotumika na ugonjwa unaozuiwa. Kwa mtu mmoja kwa mwaka, kutia klorini kuligharimu kama senti 66 za dola. Kuanika maji juani katika chupa angavu za plastiki kuligharimu senti 63. Njia hii ilijaribiwa kwa watoto wa Kimasai wa Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1996. Chujio la udongo wa kuchoma liligharimu dola 3 na senti 3, na unga unaogandisha tope na kuua vijidudu kwa pamoja dola 4 na senti 95. Wakahitimisha kwamba pale ambapo fedha ni chache, klorini ndiyo inayozuia ugonjwa mwingi zaidi kwa kila shilingi. Fedha ikiongezeka, chujio huongeza kinga. Rudi sasa kwenye familia yetu ya watu sita. Upande mmoja pana tani moja ya kuni na safari 50 za porini. Upande wa pili pana vidonge kama 220, kila kimoja kwa ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, na nusu saa ya kungoja. Fedha yake yote haifiki dola 4 kwa mwaka.

Tena klorini ina sifa moja ambayo moto hauna. Maji yaliyochemshwa huwa salama mpaka mkono mchafu wa kwanza utakapoingia. Ile inayobaki ndani ya maji yenye klorini huendelea kulinda kwa muda. Haiui kila kitu, kwa kuwa wapo vijidudu wanaoistahimili, na maji ya tope huishinda nguvu; ndiyo maana shabu ya Bibi, au kitambaa safi cha kuchujia, bado vina kazi. Lakini kwa maradhi kama kipindupindu ni silaha kubwa.

Basi ikiwa ni rahisi hivyo, mbona watu hawaitumii? Hapa ndipo napenda wataalamu wetu vijana wasimame kidogo. Dawa ya maji imeuzwa madukani kwetu na kwa jirani zetu Kenya kwa bei nafuu tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Magharibi mwa Kenya, watafiti waliohesabu waliotumia dawa hiyo ya dukani waliwakuta ni chini ya kaya moja katika kumi. Kisha wakajaribu jambo jingine. Waliweka tangi dogo la klorini palepale kisimani, lenye koki inayotoa kipimo kimoja tu, bila malipo. Anayechota anazungusha koki, dawa inaingia ndooni, na anapofika nyumbani imekwisha kufanya kazi yake. Watumiaji wakapanda hadi zaidi ya nusu ya kaya. Dawa ni ileile na maji ni yaleyale. Kilichoondolewa ni ile kazi ndogo ya kununua, kukumbuka, kupima na kungoja, ambayo haikuandikwa katika bei.

Mmoja wa watafiti hao ni Michael Kremer, aliyepata kufundisha sekondari nchini Kenya katika ujana wake, na mwaka 2019 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Mwaka 2022 yeye na wengine walikusanya tafiti nyingi za kutibu maji, wakakadiria kwamba hupunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban robo. Lazima niseme pia kwamba si kila utafiti umeshangilia. Mmoja mkubwa kutoka hukohuko magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2018, haukuona kuhara kwa watoto kukipungua katika kaya zilizopewa klorini. Mwalimu hafichi alama mbaya za mwanafunzi anayempenda. Mtoto hupata uchafu kwa njia nyingi: mikono, udongo wa uani, nzi. Wala dawa haimkingi asiyeitumia kila siku. Lakini kwa jambo linalogharimu chini ya dola moja kwa mtu kwa mwaka, hata nusu ya faida iliyokadiriwa ingekuwa biashara ambayo hakuna duka hapa Tanga linaloweza kuishinda.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wapo wanaosema kuwaambia watu watibu maji majumbani ni kuisamehe Serikali deni lake la mabomba. Hofu hiyo ninaielewa, maana nimeiona ahadi ya mwaka 1971 ikipita tarehe yake. Sisi wa mkoa wa Tanga tunajua faida ya mabomba. Mto Zigi unashuka kutoka misitu ya Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, na jiji la Tanga linakunywa humo. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma na kutunza chanzo hicho. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika mradi wa miji 28 wa mkopo wa India, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022. Haya ni mambo ya kupigiwa makofi. Bomba linalotibiwa vizuri ndilo linalomtua mama kazi yote, ya kuni na ya kidonge, na hilo ndilo tunalopaswa kulidai.

Lakini ujenzi wa bomba huchukua miaka, na kipindupindu huchukua saa. Mwezi Agosti 2015 kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa karibu nchi nzima. Hadi mwanzoni mwa 2018 watu zaidi ya 33,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 500 wamekufa. Hao hawakuweza kungoja mkandarasi. Kutibu maji nyumbani si badala ya bomba. Ni namna ya kubaki hai hadi bomba lifike. Na anayewaambia watu watibu maji, awe waziri au mkuu wa chuo, ana wajibu wa kuuliza kwanza kazi hiyo itafanywa na mikono ya nani, kwa kuni za nani, na saa ngapi.

Nyumbani kwangu tuna ndoo mbili zenye mifuniko na koki chini, ili mkono wa mtu usiingie. Bomba letu lina maji siku nyingi, na siku ambazo halina tunachota kisimani. Kidonge nakitia mimi mwenyewe, kila jioni baada ya sala ya magharibi. Mke wangu hunicheka kwamba nimestaafu kila kitu isipokuwa kazi hiyo, na wajukuu wanasema maji ya Babu yananuka dawa. Huwa siwabishii. Nachota kikombe changu, naisikia harufu ile, na namkumbuka msichana wa bonde la Umba.